Silinda ya mbele ilivyozima katikati ya Mikumi

Mwezi wa nne mwaka 2013 nilikua natoka Dar naenda Iringa kwenye sendofu ya mdogo wangu wa kike. Baba alishatangulia mbele za haki kwahiyo mimi kaka mkubwa ndo nilitakiwa nisimame ukumbini nimkabidhi, na nyumbani wote walinambia panda basi. Nikasema naenda na pikipiki.

Pikipiki yenyewe niliinunua kwa jamaa aliyekua anafungasha kurudi kwao, ni ya Kijapani ya mwaka 1999, cc 645, silinda mbili zimekaa V ya nyuzi 90, moja imelala mbele inatazama tairi na nyingine imesimama nyuma chini ya tangi. Mpangilio huo huo ndo wanaoupenda Waitaliano wa pikipiki za Ducati toka miaka ya sabini, na sababu ipo, pistoni zikikaa nyuzi 90 moja inatuliza mtikisiko wa mwenzake, yani mikono haifi ganzi hata ukitembea masaa manne. Ila mimi nilichokipenda zaidi ni mlio. Silinda haziwaki kwa kupokezana sawasawa, ya kwanza inawaka, injini inazunguka nyuzi 270 inawaka ya pili, halafu kuna kusubiri kirefu, nyuzi 450, ndo inarudi ya kwanza. Ndo maana inaunguruma du-dum, du-dum kama mtu anagonga ngoma na kuvuta pumzi. Bodaboda za silinda moja haziwezi kukupa hiyo kitu. Na nguvu yake inaanzia chini kabisa, ukitoka kwenye kona gia ya tatu unavuta mafuta kidogo tu inakusukuma mgongoni.

Niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chalinze nikanywa chai, Morogoro nikaongeza mafuta, mpaka hapo raha tupu. Kupita Melela mvua ikaanza, ile masika kweli kweli, malori yanakurushia tope mpaka kwenye kioo cha helmeti, ukipangusa unapaka zaidi. Doma nikafikiria kusimama nikajiambia hapana, nikisimama nalowa na nikienda nalowa.

Ile barabara inakata hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, na kama umepita unajua, kuna mabango ya faini ukigonga mnyama na matuta, na kusimama ovyo huruhusiwi. Nipo katikati kabisa ndo ikaanza kumisi, moto unakatika katika. Kwanza kidogo, halafu ghafla ule mlio ukakatika, ikabaki dum... dum... dum tu, pikipiki ikawa nzito kama imebeba magunia, navuta mafuta inatetemeka, haizidi 40. Nikajua silinda moja imekufa, lakini ipi na kwanini sikujua, na pale sio mahali pa kushuka kuangalia.

Mbele kama mita mia tembo wanavuka. Watano, na mtoto mmoja. Basi lililokua mbele yangu limesimama, nikasimama nyuma yake, na hapo ndo nilipoogopa kwa dhati maana injini ikibaki na silinda moja ukiacha mafuta tu inazima, na betri yangu sikuiamini kwenye mvua ile. Nikawa nimebana klachi navuta mafuta kidogo kidogo isizime, lakini nikivuta sana inapiga kelele na yule jike wa mwisho ameshageuza masikio anatutazama. Nilikua naongea na ile pikipiki kwa sauti ndani ya helmeti, usizime mama, usizime. Sijui ilikua dakika ngapi. Walivuka.

Nikajikokota hivyo hivyo mpaka Mikumi mjini. Pembeni ya barabara kuna kibanda cha baiskeli na bodaboda, fundi mzee kidogo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akazunguka pikipiki mara mbili bila kugusa kitu. Akanambia silinda mbili hajawahi kufungua, ila mashine za kusaga amezitengeneza toka ujana wake na moto ni moto. Akaniambia washa. Akachovya vidole kwenye kopo la maji akadondosha kwenye bomba la ekzosi la nyuma, maji yakachemka tssss. Akadondosha kwenye la mbele, yakateleza tu. "Huyu amelala," akasema.

Tukafungua bolti ya chini ya rejeta tukaivuta mbele, akang'oa kofia ya plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta, na mle shimoni plagi imezama kwenye maji kama kisima. Pale pembeni ya silinda kuna katundu kadogo ka kutolea maji, na hako katundu kalikua kamezibwa na tope, tope la miaka nadhani, kwahiyo maji yote tairi ya mbele iliyorusha yaliingia yakakaa. Akachukua spoku ya baiskeli akazibua. Akakausha plagi, akapaka grisi kwenye kofia, halafu akakata kipande cha tyubu ya zamani akanifungia chini ya madigadi ya mbele kiirefushe, maji yasipande tena. Hicho kipande nilikaa nacho mpaka nilipoiuza.

Akanambia washa. Du-dum, du-dum. Aisee machozi yalinitoka na sioni aibu kulisema. Alitaka elfu tatu, nikampa kumi, akaniomba tu nivute mafuta aisikie vizuri, nikavuta, watoto wa pale wakapiga makofi.

Mlima wa Kitonga niliupanda na mvua imekata, zile kona moja baada ya nyingine, malori yanapumua kwa shida na mimi nayapita na silinda zangu zote mbili. Ukumbini nilifika nimebadilisha suti nyuma ya gari ya mjomba, mdogo wangu nikamshika mkono, tope bado lipo kwenye kucha.

Jumatatu narudi, nikapunguza mwendo nimsalimie yule mzee. Kabla sijazima alikua ameshatoka kibandani anafuta mikono. "Nimekusikia toka kule kwenye kona," akasema, "wote wameamka."