Imani ya Mitume na Imani ya Chama

Mpwa wangu anataka kugombea udiwani. Alikuja nyumbani Jumamosi moja jioni akiwa na katiba ya Chama Cha Mapinduzi mkononi, amekunja pembe ya ukurasa mmoja wa mwanzoni, na kabla hata chai haijamiminwa akanionyesha kichwa cha habari kilichomkwaza: Imani ya CCM.

"Mjomba," akasema, "kesho asubuhi nitasimama kanisani niseme Imani ya Mitume pamoja na usharika mzima. Nikijaza fomu hii ya uanachama, nitakuwa mtu wa imani mbili?"

Ningeweza kumjibu kwa haraka kwamba neno imani lina maana nyingi, na kwamba chama hakidai kuabudiwa. Lakini jibu hilo lingekuwa la kumwondoa tu mlangoni, kwa sababu swali lenyewe si la mchezo, nami nimeishi nalo tangu nikiwa mtoto wa miaka tisa. Kwa mujibu wa katiba ya nchi yetu, ibara ya 39 kwa urais na ya 67 kwa ubunge, mtu hawezi kugombea bila kuwa mwanachama wa chama na kudhaminiwa nacho; Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga kanuni hiyo mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa ushindi, lakini mgombea binafsi hajaruhusiwa hadi leo. Na udiwani nao hupitia mlango huohuo wa chama. Kwa hiyo Mkristo anayetaka kuwatumikia watu wa kata yake kupitia uongozi wa kuchaguliwa hana budi kuchukua kadi, na pamoja na kadi anachukua maneno yaliyoandikwa nyuma yake.

Tukayasoma maneno hayo pamoja, polepole. Kwamba binadamu wote ni sawa. Kwamba kila mtu anastahili heshima ya kuthaminiwa utu wake. Hapo sina ugomvi wowote. Anayeamini kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake hawezi kusema pungufu ya hayo. Kisha likaja la tatu, kwamba Ujamaa na Kujitegemea ndiyo njia pekee ya kujenga jamii ya watu walio sawa na huru, na mpwa wangu akaweka kidole juu ya neno "pekee". Alifanya vyema. Mkristo ana sababu ya kusita kila anapoambiwa kwamba njia fulani ni ya pekee, hata kama njia yenyewe ni nzuri, kwa maana neno hilo tumeshalitumia mahali pengine na hatuna la akiba.

Lakini nataka nikitendee chama haki. Mimi ni mtoto wa TANU, chama kilichoizaa CCM, kabla sijawa mtu wa kitu kingine chochote. Ahadi za mwanachama nilizijua kwa moyo kabla sijajua Katekisimo: binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa, cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu, nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Sijapata kuona, katika siasa za nchi yoyote ninayoifahamu, ahadi zinazomkaribia Mkristo kiasi hicho. Na ile ya kwanza ilinifundisha kumwita jirani yetu Mwislamu ndugu yangu katika umri ambao mafundisho ya Jumapili yalikuwa bado hayajafika huko.

Halafu lipo Azimio la Arusha, tamko la TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Anayelisoma huku Agano Jipya likiwa wazi mezani hawezi kukosa kusikia mwangwi wa Matendo ya Mitume sura ya nne, pale "jamii ya watu walioamini" walipokuwa na moyo mmoja na roho moja, wala hapana aliyesema kitu alicho nacho ni mali yake mwenyewe. Jamii, jamaa, ujamaa: kwa Kiswahili chetu maneno hayo yanatoka tumbo moja. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyependa kuhudhuria misa ya alfajiri, hakudai kwamba ujamaa ni Ukristo, na alieleza wazi kwamba mtu wa dini yoyote, au asiye na dini, anaweza kuwa mjamaa. Hata hivyo mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York kwamba Kanisa lisiloshiriki kupambana na mifumo inayowafunga watu katika umaskini litakuwa halina maana kwao. Maneno hayo yaliwachoma wengi, na nadhani yalistahili kuchoma.

Baba yangu aliyaamini yote hayo mawili kwa pamoja. Alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri katika nyanda za juu kusini, na pia balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama kwa nyumba kumi za jirani. Bendera ya TANU ilipepea kwenye mlingoti wa mwanzi mbele ya nyumba yetu, na ndani, kwenye rafu moja, daftari la ubalozi lililazwa juu ya kitabu cha nyimbo. Hakuona mgongano. Jumapili alihubiri kupendana na Jumatatu aliitisha kazi ya kujitolea kwenye barabara, na kwa macho yangu ya kitoto ilikuwa kazi moja yenye siku mbili.

Ukafika mwaka 1974. Mwaka uliotangulia chama kilikuwa kimeamua kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji, na agizo lilipofika kwetu, mahindi yalikuwa bado mabichi shambani. Katika nyumba kumi za baba kulikuwa na mjane mmoja mzee ambaye kaburi la mumewe lilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwake, chini ya mti wa mfudu. Alikataa kuondoka. Mgambo wakamwambia baba, kwa kuwa yeye ndiye balozi, apande darini aezue nyasi za paa, ili bibi yule asiwe na pa kurudi.

Nakumbuka ukungu wa asubuhi ile na jiwe la kusagia la yule bibi, ambalo alilikalia mlangoni kama kigoda, mikono yake imefungwa ndani ya kanga. Baba hakupanda. Alichuchumaa mbele yake wakazungumza kwa Kibena kwa muda mrefu, kwa sauti nisiyoisikia, mpaka bibi mwenyewe akasimama. Baba akalijitwika lile jiwe begani na kutembea nalo hadi kiwanja kipya, mwendo wa saa moja na zaidi, sisi watoto tukifuata na kuku. Paa liliezuliwa na wengine tulipokwisha kugeuka. Kesho yake akaenda kurudisha daftari la ubalozi, akang'oa na mlingoti. Lakini kadi ya TANU hakuirudisha.

Kwa miaka mingi, nilipokuwa kijana, jambo hilo liliniudhi. Nilimwona kama mtu aliyesimama mlangoni, haingii wala hatoki. Siku moja nikamwambia hivyo, na jibu lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, cheo nimerudisha. Ahadi sijarudisha."

Nilimwelewa baadaye, nilipofika kwenye sura inayofuata ile ya jamii ya walioamini. Wengi huishia sura ya nne. Sura ya tano ndiyo yenye mizani. Anania ameuza kiwanja, amezuia sehemu ya thamani, naye amekuja kuweka iliyobaki miguuni pa mitume kana kwamba ndiyo yote. Petro anamwambia: "Kilipokuwa kwako, hakikuwa mali yako? Na kilipokwisha kuuzwa, thamani yake haikuwa katika uwezo wako?" Maana yake ni kwamba hakuna aliyemlazimisha. Ushirika wa Yerusalemu ulikuwa wa hiari hadi dakika ya mwisho, na kosa la Anania halikuwa kubaki na chake, lilikuwa kudai ametoa kile ambacho hakukitoa.

Hapo ndipo ninapokipima chama, na nakipima kwa pande zote mbili za mstari huo. Mwalimu mwenyewe aliandika mwaka 1962 kwamba ujamaa ni jambo la moyo na fikra, na mwaka 1967, alipoeleza juu ya vijiji vya ujamaa, alisisitiza kwamba haviwezi kujengwa kwa nguvu. Alilijua neno la Petro, hata kama hakulinukuu. Miaka sita baadaye moyo ukageuka kuwa amri, na kitu ambacho Roho Mtakatifu mwenyewe alikiacha kwenye uwezo wa mtu kikachukuliwa na mgambo. Sisemi kwamba vijiji havikuleta shule, maji na zahanati. Mimi nilisoma katika shule iliyojengwa kijijini kule, na sitaikana. Nasema upendo wa lazima si upendo, na chama kinachojaribu kuutia watu kwa amri kinashika mahali pasipo pake.

Upande wa pili unaniumiza zaidi. Azimio lilikuwa na sehemu moja ambayo sharti lilistahili kuwa sharti, nayo ni masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hao hawakuwa wakulima walioamriwa. Walikuwa watu walioomba wenyewe kupewa dhamana, na anayeomba dhamana anaweza kufungwa nayo bila kuonewa. Lakini Februari 1991, kwa uamuzi uliokuja kuitwa Azimio la Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa, huku maneno ya Ujamaa na Kujitegemea yakiachwa katika katiba ya chama kama yalivyo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikaruhusu takrima, wagombea wakawakirimu wapiga kura bila kuogopa, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Mjane hakuulizwa alipoamriwa kuondoka kwake. Kiongozi alifunguliwa alipoona minyororo inambana. Na kuendelea kukiri kwa kinywa umaskini wa hiari ambao mkono umekwisha kuuacha, hilo ndilo tendo la Anania hasa.

Haki hiyohiyo inanilazimu niseme kwamba Kanisa letu nalo lilipaza sauti kwa uchungu mwingi serikali ilipochukua shule za misioni, kuanzia mwaka 1969. Nimewasikia wazee wengi wakiisimulia habari ile kwa machozi. Habari ya jiwe la kusagia sijasikia ikisimuliwa mimbarani, isipokuwa na baba.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, naye hakunikatiza. Nikamwambia sioni dhambi kujaza ile fomu, ila asijaze kama hazikubali zile ahadi mbili, ya rushwa na ya cheo, kwa uzito uleule anaosemea "Namwamini Mungu". Na kwamba tangu siku ya kwanza ajue ni jambo gani litakalomfanya aurudishe udiwani, alijue kwa jina, kabla hajazoea kuitwa mheshimiwa. Alitaka kujua kama chama kitamwelewa. Nikasema pengine hakitamwelewa.

Akaomba kuiona kadi ya babu yake. Niliitoa katika kitabu cha nyimbo, ambamo bado inakaa, karatasi yake imelainika kama kitambaa. Akaisogeza karibu na taa na kuzifuata alama za ada kwa kidole, mwaka hadi mwaka, hadi mwanzoni mwa 1977, chama kilipounganishwa na kile cha Zanzibar na TANU ikafikia mwisho.

"Hizi zote alizilipa baada ya kurudisha daftari?"

"Zote."

Alikaa nayo mkononi kwa muda, kisha akanirudishia. Fomu bado hajaijaza. Iko ndani ya ile katiba, penye ukurasa uliokunjwa pembe.