Kumwita binti Mwanaisha ukiwa Uingereza

Mombasa jina hili halishangazi mtu. Liite kwa sauti pale Kibokoni uone kama hataitika mtu, ingawa zaidi watakuwa watu wazima. Mabinti wa siku hizi ni Aisha tu, Mwana wameachiwa nyanya zao. Uingereza nako Aisha limezoeleka. Weka Mwana mbele yake uone mwalimu anavyosita akishika daftari la mahudhurio.

Mw yenyewe si kazi. Mwingereza aliyepitia Kifaransa shuleni anajua kutamka moi, na hiyo ndiyo "mwa" yetu. Mwambie aanzie hapo, asichomeke irabu katikati, maana ukimwacha atasema "muwana". Kinacholiharibu jina hasa ni ile a na i kukaa pamoja. Sisi tunazitenga: mwa-na-i-sha, silabi nne, na mkazo uko kwenye i. Msomaji wa Kiingereza anaziunganisha kama anavyosoma Elaine, na linatoka "Mwaneisha". Likiachwa mwaka mmoja, mtoto mwenyewe anajitambulisha hivyo, na nyanya yake kwenye simu anauliza huyo ni nani.

Dawa ni kikaratasi kwa mwalimu kabla muhula haujafunguliwa: MWAH-nah-EE-shah, hiyo EE ipigiwe mstari. Usiandike maelezo marefu, hayasomwi. Na mtoto afundishwe kusahihisha mapema, kwa adabu, kila mara. Akinyamaza mara tatu limekwisha kuwa jina lake.

Tahajia iamuliwe kabla ya kwenda kwa msajili. England na Wales muda ni siku 42 tangu mtoto azaliwe, Scotland ni 21. Watu wa pwani tunaandika Mwanaisha, Mwanaesha, hata Mwanasha, na hili la mwisho ndilo rahisi kwa mgeni kwa sababu ile ai haipo. Lolote utakalochagua, liwe neno moja. Ukiandika Mwana Isha, kompyuta za hospitali na za ndege zitafanya Mwana kuwa jina la kwanza na Isha la kati, na mtoto ataitwa Mwana maisha yake yote (wenzake watasikia Moana, yule wa katuni ya Disney). Kistari hakisaidii: kwenye ile mistari ya pasipoti inayosomwa na mashine, kistari na nafasi vyote hugeuka alama ya <. Mwana'isha nayo hupoteza kile kikoma na kurudi MWANAISHA. Kabla ya kutia saini soma herufi moja moja, kwa kidole, maana kusahihisha baadaye kuna ada na kudaiwa ushahidi. Na cheti cha Kenya, kama utamwandikisha kupitia ubalozi, kifuate herufi hizo hizo.

Wanaouliza kama jina ni nadra mno waangalie orodha za idara ya takwimu ya Uingereza, ONS, lakini wazisome vizuri. Jina lililopewa watoto wasiofika watatu kwa mwaka halichapishwi. Marekani mpaka wao ni watano. Kwa hiyo kutoliona si kusema halipo. Tena kila tahajia huhesabiwa peke yake: Aisha, Aysha na Ayesha ni majina matatu kwao, na Mwanaisha na Mwanaesha ni mawili.

Wengi hukimbilia kufupisha. Isha ni ufupisho mbaya: baadhi ya Waingereza wataanza na "ai", wakisema "Aisha", na madrasa watoto watamtania kwa sala ya usiku. Esha lina nafuu, lakini nalo lina wanaolisoma "Isha". Mimi naona jina refu, likifundishwa vizuri wiki ya kwanza, lina usumbufu mdogo kuliko yote mawili.