Wasalimie Waislamu

Wiki hii posa ya Zuhura imekubaliwa na mimi nimeongezewa darasa shuleni, lakini moyo haujatoka kwenye simu ya Jumapili.

Mdogo wangu alipiga kutoka Norway tukiwa uani. Nikaweka spika kama kawaida yetu, Mama yuko jikoni, jirani yetu Mama Akinyi kaketi kando yangu anachambua osuga. Tukaongea baridi ya huko na kazi yake ya usiku ghalani. Kisha akaaga.

“Haya Dada, wasalimie Waislamu hapo nyumbani.”

“Na wengine je?”

“Nimesema wasalimie Waislamu.”

Mama Akinyi hakuinua uso, akaendelea na mboga. Mama Akinyi! Aliyembeba mgongoni usiku hadi hospitali ya Russia hapa Kisumu kwa malaria, Mama akiwa Mombasa. Krismasi tunakula kwake, Ramadhani anafuturu kwetu.

Nikilala naisikia. Labda alikuwa na haraka. Labda ndivyo wanavyoagana huko aliko. Lakini nilimuuliza, na akarudia, polepole, kila neno mahali pake.

Ndevu hazinitishi, wala kuacha kwake muziki. Ami anaswali Alfajiri msikitini miaka yote na hajawahi kumnyima mtu salamu. Kinachonitisha ni huku kutenga watu. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, wale wauaji wa Al-Shabaab waliwauliza wanafunzi dini zao kwanza, na watu 148 wakauawa. Na Hassan Abdi Dhuhulow, mmoja wa waliovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, Msomali aliyeingia Norway na familia yake mwaka 1999 akiwa mtoto, akakulia mji mdogo wa Larvik. Hata huko Al-Shabaab walimpata.

Hasira zilinipanda, nikataka kumfungia asinipigie tena. Ami akanikataza. “Ukimfungia umewafanyia kazi yao. Wanaomwinda kijana humwambia kwanza kwamba kwao hana mtu.”

Basi jana nikampigia mimi. Sikumhubiria. Nilimsimulia habari za Salah Farah, mwalimu aliyekuwa kwenye basi la Mandera Desemba 2015, Al-Shabaab walipolivamia na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Alipigwa risasi, akafariki Januari. Mwislamu, nikamwambia, tena aliyesimama.

Kimya. Nikasikia mashine za ghalani. Nikadhani amekata.

“Goti la Mama Akinyi limepoa?”

Machozi yalinitoka hapohapo. Nikamwambia yupo, subiri nimpe simu umuulize mwenyewe. Akasema msimamizi anamwita. Sijali, ameuliza! Nilivuka ua mbio, nikamwambia Mama Akinyi ameulizwa hali, naye akacheka, akaanza kunihesabia dawa zote alizopewa ili nimpelekee jibu kamili. Nitampigia tena Jumapili, na spika itawekwa.

Sasa wakwe wa Zuhura wanataka harusi iwe Novemba. Novemba ni KCSE, watahiniwa wangu hawajamaliza silabasi, na sijui mkuu wa shule nitamwendea kwa maneno gani.