Vyumba sita vya kupangisha si pensheni kamili

Ukiuliza watu Mombasa watakula nini uzeeni, wengi watakwambia: nitajenga vyumba vya kupangisha, Kisauni au Likoni, kodi itanitunza. Si wazo baya. Hesabu yake ndiyo hupigwa vibaya.

Anza na miezi. Ukistaafu na miaka 60, Mungu akakujalia kufika 85, hiyo ni miezi 300. Anayehitaji shilingi 30,000 kwa mwezi kwa bei za leo atatumia milioni 9. Akiba ikizaa asilimia 3 juu ya mfumuko wa bei, milioni 6.3 zitamtosha. Kuzifikia kwa miaka 25, akiba ikizaa asilimia 4 juu ya mfumuko, aweke kama 12,300 kila mwezi. Akianza imebaki miaka 15, ni 25,700. Na kiwango hicho lazima kipande kila mwaka bei zinapopanda; zikipanda kwa asilimia 6, huwa maradufu baada ya miaka 12 hivi.

Sasa nyumba. Chukua vyumba sita vya 4,500: 27,000 kwa mwezi. Usihesabu miezi 12, hesabu 10, kwa sababu wapangaji huhama na wengine huondoka na deni. Umebaki na 270,000 kwa mwaka. Toa sehemu moja ya tano kwa ukarabati, unabaki na 18,000 kwa mwezi. Kodi ikipita 288,000 kwa mwaka, KRA, mamlaka ya ushuru, huchukua asilimia 7.5 ya kodi yote, kabla hujatoa gharama.

Ukarabati wa Pwani usiudharau. Mchanga wa baharini usiooshwa una chumvi. Chumvi hula nondo ndani ya zege, kutu hufura, na dari hupasuka na kuanza kumwaga vipande. Unaponunua nyumba, tazama chini ya slabu: mstari wa kahawia ulionyooka sambamba na nondo ni bili inayokungoja. Halafu uliza ardhi ni ya nani. Hapa kwetu mtu humiliki nyumba juu ya ardhi ya mwingine na kumlipa kodi ya ardhi. Nyumba ya namna hiyo ni vigumu kuiwekea rehani benki, na mrithi wa mwenye ardhi anaweza kuja na masharti mapya wakati wewe una miaka 75.

Kwa hiyo nyumba iwe mguu mmoja. Wa pili ni mfuko wa pensheni wa binafsi: mchango hadi 30,000 kwa mwezi hautozwi ushuru wa mapato, na ukistaafu kwa kawaida hupewa theluthi moja mkononi, inayobaki ikulipe kidogo kidogo. Wa tatu ni hati za dhamana za serikali kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, kuanzia 50,000. Asiyetaka riba atafute mifuko ya uwekezaji inayofuata sharia, ipo.

Kwa aliyeajiriwa, NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 6 ya mshahara kutoka kwako na 6 kutoka kwa mwajiri, hadi kiwango cha juu cha mshahara kilichowekwa. Wako waajiri wanaokata wasipeleke. Kila baada ya miezi mitatu chukua taarifa yako ya NSSF, ilinganishe na karatasi za mshahara mwezi kwa mwezi, na palipo pengo dai kwa maandishi ukiwa bado kazini.