Anwani Anayoiona Mteja

Wiki hii nimekuwa nikisanidi Bacula katika ofisi moja ya uhasibu yenye seva inayotumia mfumo endeshi wa Debian na kompyuta kadhaa za mezani, na kinachonivutia zaidi katika programu hii ya nakala rudufu ni jinsi inavyomlazimisha msimamizi ajue, kabla ya jambo lingine lolote, nani anamwita nani katika mtandao.

Kern Sibbald alianzisha mradi huu mwaka 2000, na kazi zake zimegawanywa kwa huduma zinazojitegemea. Director hushika ratiba na kutoa amri, naye husikiliza kwenye poti (mlango wa mtandao wenye namba) 9101. Huduma ya mteja hukaa kwenye kila kompyuta inayolindwa, ambayo ndiyo inayoitwa mteja hapa, na kusikiliza kwenye poti 9102, ilhali huduma ya hifadhi, ambayo ndiyo inayoandika data kwenye diski au tepu, iko kwenye 9103. Katika bacula-dir.conf, faili la mipangilio la Director, naandika jina, anwani na nywila ya kila mteja. Kisha, ndani ya bacula-fd.conf, faili la mipangilio la mteja huyo, naandika jina la Director yule yule na nywila ile ile. Herufi moja ikitofautiana, kazi ya kunakili haianzi. Ukali huo naukubali kwa moyo wote, kwa kuwa huduma yenye ruhusa ya kusoma kila faili la ofisi haipaswi kufunguliwa kwa yeyote anayebisha, na ndiyo sababu kila kompyuta nimeipa nywila yake.

Pagumu ni kwenye anwani. Vifurushi vya Debian huzifunga huduma ya mteja na ya hifadhi kwenye 127.0.0.1, maana yake kila moja husikiliza ndani ya mashine yake tu mpaka ubadilishe mistari ya FDAddress (anwani ya mteja) na SDAddress (anwani ya hifadhi) katika mipangilio. Hilo hugundulika mapema. Linalojificha ni anwani ya hifadhi iliyoandikwa katika faili la Director: ukiacha neno localhost, yaani "mashine hii hii", Director ataifikia hifadhi bila shida kwa kuwa wanakaa mashine moja, na ukiuliza hali ya hifadhi kwenye bconsole, programu ya kumpa Director amri, utajibiwa kwamba mambo ni shwari. Lakini data haipiti kwa Director. Yeye humpa mteja anwani ile, na mteja mwenyewe ndiye anayeipigia hifadhi kwenye poti 9103. Akipewa localhost, ataitafuta hifadhi ndani ya kompyuta yake, na kazi itakwama. Kwa hiyo kila anwani ninayoiandika kwenye seva naijaribu nikiwa nimeketi mbele ya kompyuta ya mteja, kwani huko ndiko itakakotumika.

Ratiba ya mfano inayokuja na programu huanza saa 23:05 usiku, saa ambayo ofisi kama hii imeshafungwa na kila kompyuta imezimwa. Nimeihamishia nakala ya kila siku kwenye saa saba mchana, watu wakiwa kwenye chakula. Kwa kuwa ubanaji wa data hufanyika kwa mteja, na baadhi ya mashine hizi ni za zamani, nimechagua GZIP1, ubanaji mwepesi na wa haraka zaidi, badala ya GZIP ya kawaida, ambayo ni kiwango cha 6.

Muda wa kutunza kumbukumbu sikutaka kuuamua peke yangu. Nilimwuliza mhasibu mkuu, "Mama, faili la mwaka jana mnaweza kulihitaji mpaka lini?" Akanijibu, "Mwanangu, mkaguzi akija hatuulizi sisi tunataka kumwonyesha la lini." Tukakubaliana miezi 18. Hapa inafaa kuelewa kwamba File Retention na Job Retention (muda wa kutunza orodha ya mafaili na ya kazi) huhusu rekodi zilizo katika hifadhidata ya Director, wakati Volume Retention huamua lini chombo chenye data kinaweza kuandikwa upya, na kati ya hizo tatu muda mfupi kuliko yote ndio unaoshinda. Kurefusha mmoja na kuisahau mingine hakumsaidii mkaguzi wala mhasibu.

Leo nimeendesha bacula-dir -t kuhakiki sarufi ya faili la mipangilio, kisha nikarejesha folda ya mishahara kwenye njia tofauti na ile ya asili, nikalinganisha na iliyopo, na mhasibu akafungua majedwali mawili mwenyewe. Imebaki kuweka usimbaji fiche upande wa mteja, ili data iondoke kwenye kompyuta ikiwa tayari imefungwa. Ufunguo wa siri wa jozi kuu, yaani ule unaoweza kufungua nakala za wateja wote, hautakaa kwenye seva wala kwenye kompyuta yoyote ya ofisi: ukipotea pamoja na funguo za wateja, nakala zote zitakuwa hazisomeki, kwa hiyo Jumatatu nitamkabidhi mkurugenzi na mhasibu kila mmoja nakala yake, kwa maandishi na kwa sahihi.