Njia ya mama, Bagamoyo mpaka Ocean Road

Hii ni siku ya pili tangu nirudi nyumbani na kigutu, kipande cha mguu kilichobaki, bado kimevimba kwahiyo naandika nikiwa nimelala, mguu bandia uko pale kwenye kona unakauka, nimeosha soketi, lile kopo kigutu kinapoingia, kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kama nilivofundishwa. Nimetembea. Karibu kilomita 70, siku tatu, toka Bagamoyo hadi Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar, nachangisha hela kwa ajili ya mama.

Watu wengi njiani walidhani natembea kwa ajili ya wanajeshi. Nilivaa fulana ya kawaida tu ila wakiuona ule mguu wanauliza "bodaboda eeh?" nikisema hapana, Kongo, wananyamaza kidogo alafu wanaanza kuniita afande. Nilijeruhiwa Beni, Kivu Kaskazini, Desemba 2017, tukiwa kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Taarifa ya kwanza kutoka ilisema wenzetu 14 wamekufa. Hayo siyaandiki zaidi leo, majina yao ninayo kichwani. Leo ni ya mama.

Nilipokua nimelazwa Lugalo, hospitali ya jeshi Dar, mama alikua anakuja kila Jumanne na Ijumaa. Anaamka saa kumi alfajiri, anapika wali na samaki wa nazi, anafunga hotipoti kwenye khanga, anadaka daladala ya kwanza. Anakaa na mimi, ananisimulia nani kaoa nani kahama, anasubiri nimalize kula mpaka punje ya mwisho, anarudi. Na muda wote huo, yani muda wote, alikua anatokwa damu. Mwanamke aliyekua ameshakoma hedhi miaka mingi, damu imerudi, kiuno kinamuuma, na hakumwambia mtu hata mdogo wangu wa kike anayelala nae chumba kimoja. Baadae nilimuuliza mama kwanini ulinyamaza, akaniambia, "Baba'angu, na mimi ningelala kitandani, chakula angekuletea nani?"

Alinisubiri nisimame. Siku nilipopiga hatua bila magongo alilia sana, na wiki iliyofuata ndo akaenda kupima. Saratani ya mlango wa kizazi, imeshafika kwenye kibofu. Alipigwa mionzi pale Ocean Road, akatutoka Agosti 2019.

Kutembea na mguu bandia kwenye joto la pwani ni kazi ambayo mtu haioni kwa nje. Asubuhi unaingia vizuri, ikifika saa nne kigutu kinakua kimesinyaa ndani ya soketi, mguu unaanza kucheza, inabidi ukae pembeni uvue, ufute jasho, uongeze soksi. Zinga nilikua na soksi moja, Kerege mbili, Mapinga tatu na lengelenge limeshapasuka. Usiku ule vidole vya mguu ambao sina vilikua vinawasha mpaka nikawasha taa. Kwenye ukuruta nilikimbia mchakamchaka mrefu kuliko huu huku naimba, sasa hivi kilomita moja naihesabu nguzo kwa nguzo.

Bunju nilipumzika kwenye genge la mama mmoja, akaniuliza wewe unachangisha ya nini, nikamwambia. Akasema hajawahi kupima, anaogopa. Tukaongea pale karibu saa nzima, nyanya zikauzwa na mtoto wake. Nikamwambia mama yangu nae hakuwahi, na kituo cha afya kiko mtaa wa pili toka kwetu. Ule ugonjwa unaletwa na kirusi, HPV, na mara nyingi kinakaa miaka zaidi ya 10 kabla hakijaleta saratani, yani kuna miaka mingi kabisa ya kuuwahi. Nesi anapaka siki iliyochanganywa na maji, penye shida panageuka peupe, wanatibu mapema kabla haijawa saratani. Siki! Ile ile ya jikoni kwake. Na chanjo ya mabinti ipo nchi nzima tangu 2018, mpwa wangu alichanjiwa shuleni. Yule mama alinipa elfu mbili na embe.

Lugalo nilisimama muda mrefu, pale anaposhukia mtu wa Bagamoyo. Nikapiga hesabu. Miezi saba, mara mbili kwa wiki, ni kama mara 60, kwenda na kurudi, na hotipoti mapajani na maumivu yale. Mimi nimeenda mara moja nimevimba hivi. Pale nililia, sioni aibu kuandika.

Siku ya tatu nilivuka Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari ukanipoza, nikafika Ocean Road saa tisa mchana. Hela yote iliyochangwa nimekabidhi iende kwenye nauli na chakula cha akina mama waliotoka mikoani, maana wapo wanaomaliza mionzi alafu hawana hata ya basi la kurudi, mama aliwahi kumgawia mmoja wao nauli yake mwenyewe.

Mdogo wangu anaenda kupima Jumatatu. Anaogopa, kasema twende wote. Nimemwambia nitakaa benchi la nje mpaka atoke, na hotipoti nabeba mimi.