Nilivyopata kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand nikitokea Makorora

Nimechoka kusikia vijana wenye shahada zao wakiambiwa kwamba kufundisha Kiingereza nje ni kazi ya Wazungu. Mimi ni mtoto wa Tanga, Makorora, Kiingereza nimekikuta shuleni, na huu ni mwaka wa pili nafundisha shule ya msingi Surat Thani, kusini mwa Thailand, kwa mkataba na kibali halali cha kazi.

Ushauri niliopewa kabla ya hapo ulikuwa wa hatari. Kwenye baraza la kahawa Ngamiani kaka mmoja aliniambia, "Mwalimu, andika tu wewe wa Afrika Kusini, nani atajua?" Atajua anayekuomba nakala ya pasipoti, na shule zote huiomba mapema. Mwingine akasema niende kwa viza ya utalii, kazi nitaikuta huko huko. Kufundisha bila kibali ni kosa kisheria. Ukikamatwa unatozwa faini na kurudishwa kwenu. Halafu kuna wakala aliyetaka laki tano za "kufungua faili" kabla hata hajaniuliza nimesomea nini. Nilimuaga nikaondoka. Anayekutoza hela kabla ya kukuona ukifundisha hana kazi ya kukupa.

Anza na sheria za nchi unayoitaka. Korea Kusini, kwa mfano, viza ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza hupewa raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania hayumo, hata awe hodari vipi, kwa hiyo usipoteze bando kutuma maombi kule. China nako hupendelea pasipoti zilezile. Thailand mlango upo: wanataka shahada, na asiye mzawa wa lugha athibitishe Kiingereza chake kwa mtihani. Shule yangu ilikuwa inakubali IELTS 5.5 au TOEIC 600. Shahada ya ualimu ninayo. IELTS niliifanya Dar es Salaam, ikanila kama laki sita na ushee, nikapata 7.5.

Pamoja na hayo, barua zangu zilikuwa hazijibiwi. Nilielewa kwamba wasifu wangu unasomwa hadi kwenye uraia, basi, unafungwa. Nikaamua wanione nikifundisha kwanza, uraia wausome baadaye.

Wakati ule nilikuwa najitolea shule moja ya msingi, jioni nafundisha tuisheni. Nikamwomba mwalimu mkuu na wazazi ruhusa ya kurekodi kipindi kifupi na watoto wa darasa la nne. Watu wengi hurekodi wakiwa peke yao mbele ya ukuta mweupe, wanatabasamu na kujieleza. Mkuu wa shule hajifunzi chochote hapo. Anataka kuona mtoto ambaye dakika moja iliyopita alikuwa hawezi, sasa anaweza.

Somo lenyewe nililichagua kwa makusudi. Nilisoma kuhusu matamshi ya Wathai nikakuta lugha yao haina sauti ya s mwishoni mwa neno, kwa hiyo mtoto wa kule akisema "bus" husikika "bat". Watoto wetu nao huongeza irabu, wanasema "basi". Wote wanakwama mahali pamoja, mwisho wa neno. Basi nikafundisha hapo hapo. Niliwaambia watoe sss kama tairi la baiskeli lililotobolewa, mkono ukiwa wazi mbele ya mdomo, halafu nikifunga ngumi wanakata sauti papo hapo, kabla irabu haijachomoza. Mtoto mmoja wa dawati la mbele alisema "basi", akasema "basi" tena, mara ya tatu akafunga ngumi yake mwenyewe kwa nguvu akatoa "bus" safi kabisa. Darasa zima likampigia makofi bila mimi kusema kitu. Kufunga ngumi yake mwenyewe sikumwelekeza hata chembe, na kipande hicho ndicho kilichonipatia kazi.

Simu niliiegemeza kwenye boksi la chaki, na maikrofoni ilikuwa ya zile earphone za waya, nimeibana kwenye kola. Bodaboda zilikuwa zinatuharibia, tukarudia hadi barabara ikatulia. Nikakata ikabaki ya dakika tatu, nikaipandisha YouTube. Kwenye barua pepe nikaweka kiungo juu kabisa, chini yake sentensi moja: nimejifunza Kiingereza darasani kama watakavyojifunza wanafunzi wenu. Wasifu ukafuata kama kiambatisho. Majibu yakaanza kuja.

Usaili ulikuwa wa video. Saa tatu asubuhi ya kule ni saa kumi na moja alfajiri Tanga, kwa hiyo chaji ijae usiku, umeme si wa kuutegemea. Mama mmoja, mkuu wa idara ya lugha, akaniuliza wazazi wakihoji kwa nini hawakuletewa mzawa wa lugha awajibu nini. Nikamwambia: waambieni mwalimu huyu alianza bila neno hata moja kama watoto wao, na anakumbuka kila mahali alipokwama. Akaandika.

Karatasi zilizobaki ni kufuatilia tu: cheti cha shahada kikathibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje, cheti cha polisi cha alama za vidole, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Thailand huidai kwa msafiri anayetoka Tanzania. Viza ya kazi, Non-B, mimi niliifuata ubalozini Nairobi kwa kupitia Horohoro na Mombasa. Tangu Januari 2025 maombi yanafanywa kwa intaneti. Nauli ya ndege ilitoka kwenye mchezo wa mama, zamu yake iliangukia mwezi ule, na mshahara wangu wa kwanza ulianza kwa kumrudishia.

Mshahara nao niseme wazi. Nilianza na baht 25,000 hivi kwa mwezi, baht ndiyo fedha ya Thailand, na Mwingereza wa darasa la jirani alikuwa anapata zaidi. Inauma, na si haki, kwani kazi ni moja. Mkataba ulipoisha nilikwenda kwa mkuu na rekodi za watoto wangu za kusoma, mwanzo na mwisho wa mwaka. Niliongezewa, ingawa bado sijamfikia. Nitarudi tena na rekodi za mwaka huu.

Mama yule wa idara ameniuliza kama nawajua walimu wengine wa Tanzania. Nawajua wengi. Muhula huanza katikati ya Mei na mwingine karibu na Novemba, matangazo hutoka miezi miwili kabla. Mwenye shahada afanye mtihani wake sasa na arekodi darasa lake.